Video Hii Itatazamwa Wapi?

Siku hizi harusi za Likasi, hapa Kongo, na za vijiji vya barabara ya Kolwezi zina sharti jipya. Kabla ya kuzungumza bei, kabla ya kukubaliana kama nitaanzia nyumbani kwa bibi harusi au moja kwa moja kanisani, mwenye shughuli anataka kujua kama kamera yangu inatoa 4K. Mama mmoja wa kwaya aliniagiza hivi: "Yaya, ikuwe 4K, alafu unitumie kwa WhatsApp." Aliomba kwa moyo safi. Lakini ombi la pili linaliua la kwanza, na wateja wengi wanaomba vivyo hivyo, kwa sababu hakuna aliyewaeleza video inapitia wapi baada ya kutoka kwenye kamera.

Mimi naishi Mulungwishi, penye misheni ya Wamethodisti, chuo kikuu chao na Institut Springer, shule yenye jina la John McKendree Springer, mmisionari Mmarekani aliyekuja baadaye kuwa askofu. Napiga video za harusi, matanga, kwaya na kolasyoni (mahafali), na mara nyingine walimu huniita nirekodi masomo yao. Kila kazi naianza kwa kuuliza itatazamwa wapi, na nani, na kama kuna atakayeihitaji baada ya miaka 30. Jibu la hapo ndilo linalochagua ubora. Kamera inafuata baadaye.

Video ni picha nyingi zinazopita haraka, kwa kawaida 25 au 30 kila sekunde. Kila picha imejaa nukta za rangi zinazoitwa pikseli. Namba 360, 480, 720 na 1080 zinahesabu mistari ya nukta hizo kutoka juu hadi chini. Picha ya 720 ina nukta 1280 kwa upana na 720 kwa kimo, jumla laki tisa na ushee. Ya 1080 ina 1920 kwa 1080, zaidi kidogo ya milioni mbili. Ikifika 4K, hesabu inageuka na kutaja upana, karibu elfu nne: ni 3840 kwa 2160, yaani nukta milioni 8 na laki tatu, mara nne ya zile za 1080. Juu yake iko 8K yenye nukta milioni 33, ambayo shirika la utangazaji la Japani, NHK, lilianza kuirusha kwa setilaiti tarehe 1 Desemba 2018. Hiyo ya mwisho sina mteja wake hapa, na sioni sababu ya kumtafuta.

Nyuma yetu ziko namba ndogo ambazo tulizifurahia sana. Diski za VCD zilizojaa sokoni zilikuwa na nukta 352 kwa 288. DVD ilifika 720 kwa 576. Video ya kwanza kabisa ya YouTube, iliyopandishwa tarehe 23 Aprili 2005, ilikuwa ya mistari 240. Watu walicheka, walilia na walijifunza nyimbo kwa picha hizo. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaoamini kwamba chini ya 4K hakuna video.

Tuanze na sebule, maana huko ndiko DVD na flashi nyingi za harusi zinakoishia. Jicho zima linaweza kutenganisha nukta mbili zikiachana kwa pembe ya sehemu moja ya 60 ya digrii. Ukikaa mita 3 kutoka kwenye televisheni, pembe hiyo ni kama milimita 0.9 juu ya kioo. Televisheni ya inchi 32 ina upana wa sentimita 71 hivi. Ikionyesha picha ya 720, kila nukta ina milimita 0.55, tayari ni ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona kutoka kwenye kochi. Ukiweka 1080, nukta zinazidi kuwa ndogo na jicho halina habari. Ukiweka 4K, umeongeza uzito wa faili tu, na huenda televisheni yenyewe ikakataa kuisoma. Seti nyingi za zamani zinafungua 1080 vizuri kupitia flashi, lakini zikipewa 4K, au faili iliyobanwa kwa mtindo mpya wa H.265, zinaandika tu kwamba faili haikubaliki. Babu amekaa, wageni wamekaa, soda zimefunguliwa, harusi haionekani.

Kanisani hesabu inabadilika, maana ukuta ni mkubwa. Picha ya upana wa mita 3 ikiwa na nukta 1280, kila nukta ina milimita 2.3. Aliye mita 4 kutoka ukutani ataziona. Aliye benchi la nyuma kabisa, mita 15, haoni nukta yoyote. Hapo 1080 inawasaidia watu wa mbele kweli, ila kwa sharti moja: projekta yenyewe iwe na nukta hizo. Projekta nyingi za bei nafuu zina maandishi makubwa ya 4K kwenye boksi, na maana yake ni kwamba zinapokea faili ya 4K. Kioo chao cha ndani kina nukta 1280 kwa 720, au pungufu ya hapo. Kabla ya kanisa kutoa sadaka ya watu kununua projekta, mtu asome karatasi ya ndani, mahali palipoandikwa ubora halisi wa mashine. Sadaka ile imetoka kwa mama wanaouza mboga, inastahili kusomewa karatasi.

Kazi iliyonifundisha zaidi thamani ya pikseli ni ya ubao wa darasani. Mwalimu wa hesabu alitaka somo lake lirekodiwe, wanafunzi wakalipitie kwenye simu zao. Ubao ulikuwa na upana wa mita 4, mwandiko wake una herufi za sentimita 3 na vipeo vya sentimita 1, zile namba ndogo zinazopanda begani mwa x. Chukua upana wa sentimita 400 uugawie nukta. Kwa 1080, kila sentimita ya ubao inapata nukta karibu 5. Herufi ya sentimita 3 inakuwa na kimo cha nukta 14, inasomeka bila taabu. Lakini kipeo kinabaki na nukta 5, na 2 inaanza kufanana na 3. Sasa teremsha video hiyohiyo mpaka 360, yenye nukta 640 kwa upana, kama simu nyingi zinavyofanya zenyewe mtandao ukiwa dhaifu. Herufi inabaki na nukta 5, kipeo kinabaki na moja na nusu. Mwanafunzi hawezi kujua kama mwalimu ameandika x mraba au x mchemraba, na mtihani hautamhurumia.

Kwa somo kama hilo ubora ndio unaoamua kama mtoto atasoma au atakisia. Hata hivyo, jibu langu halikuwa 4K. Nilisogea mbele. Nikimwomba mwalimu aandike nusu ya ubao, halafu nusu nyingine, kamera yangu inakamata mita 2 badala ya 4, na kila sentimita inapata nukta karibu 10 kwa 1080 ileile. Ni idadi ileile ambayo 4K ingeupa ubao mzima, na faili ina robo ya nukta. Hatua tatu kwenda mbele zimefanya kazi ya kamera mpya, na wanafunzi hawakulipia mega za ziada. Ninawaambia vijana wanaojifunza kwangu: kabla hujapandisha namba kwenye menyu, inua miguu yako.

Somo la ubao lina faida nyingine. Programu zinazobana video hazihifadhi kila picha upya. Zinahifadhi picha moja kamili, kisha zinaandika kilichobadilika. Ubao hausogei, anayesogea ni mwalimu tu, kwa hiyo faili inakuwa nyepesi hata ikiwa na nukta nyingi. Kwaya ni kinyume chake. Wanawake 40 wenye vitenge wanacheza, vitambaa vinapepea, vumbi linapanda, majani ya miti nyuma yao yanatikisika, kila nukta inabadilika kila mara. Picha ya namna hiyo inadai data nyingi kwa sekunde, na usipoipa inavunjika kuwa vipande vya mraba, hata kama kwenye menyu imeandikwa 4K.

Hiki ndicho watu wengi hawaambiwi. Idadi ya nukta ni jambo moja, na kiasi cha data unachozipa nukta hizo kwa sekunde ni jambo jingine. Ukisonga bukari ya kilo moja ya unga, watu wawili wanashiba. Ukiwaita wanane kwenye sinia lilelile, wote wanalala na njaa. Simu ya bei ndogo inayojisifu kwa 4K mara nyingi inawaita wanane kwa kilo moja. 1080 iliyolishwa vizuri inapendeza kuliko 4K yenye njaa, nami nimeshaweka hizo mbili pamoja mbele ya wateja, wakachagua 1080 kabla sijawaambia ipi ni ipi.

Kiasi chenyewe kinahesabika. Megabiti 1 kwa sekunde, ikienda saa nzima, ni mega 450. YouTube inawashauri wanaopandisha video za 1080 za fremu 30 watumie megabiti 8 kwa sekunde, za 720 megabiti 5, na za 4K megabiti 35 mpaka 45. Kwa hiyo ibada ya saa moja ikipandishwa kwa 720 ni giga 2 na robo. Ikipandishwa kwa 4K ni giga 16 hadi 20. Mtu wa Mulungwishi anayenunua mega kwa siku, huku akivizia saa ambazo mtandao umepumua, hesabu hiyo anaielewa haraka kuliko maelezo yangu yote.

Turudi kwa mama wa kwaya. WhatsApp ikipokea video ya kawaida inaibana mpaka mistari 480. Tangu Agosti 2023 kuna kitufe cha HD, na hicho kinafika 720. Ukiipa 4K, itaishusha papo hapo, na simu yako itakuwa imepata moto na kumaliza betri kwa kazi iliyotupwa. Njia ya kupitisha video bila kuguswa ni kuituma kama dokumenti, na tangu 2022 dokumenti inaruhusiwa kufika giga 2. Lakini anayepokea naye lazima azilipie hizo giga, ndiyo maana video za kwaya ninazotuma kwa simu nazitengeneza mwenyewe za 720, zenye sauti nzuri. Na kwaya, jamani, ni sauti. Nikiwa na pesa ya kununua kitu kimoja tu, nitanunua maikrofoni. Msikilizaji anavumilia picha yenye ukungu kwa wimbo mzima. Sauti inayokwaruza haivumilii hata ubeti mmoja.

Mwanga ndio unaofuata. Kwenye sensa ndogo ya simu, nukta milioni nane zinagombania mwanga uleule ambao kwa 1080 ungegawanywa kwa milioni mbili. Saa nne asubuhi uwanjani, mwanga unatosha wote. Jioni ndani ya kanisa lenye taa chache, picha inajaa chembechembe, na programu ya kubana inazichukua chembe hizo kuwa kitu cha maana na kuzipotezea data. Usiku mimi narudi 1080 bila kusita. Naongeza taa moja pembeni ya madhabahu, na ninafuta lenzi. Miezi ya kiangazi, kuanzia Mei, vumbi letu jekundu linaingia kila mahali, na alama ya kidole chenye mafuta juu ya lenzi inaweza kula faida yote ya 4K.

Halafu kuna taa zinazopepesa. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo baadhi ya taa zinawaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Simu nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimewekwa fremu 30 kwa sekunde, namba inayokwenda na umeme wa hezi 60 wa Marekani, na hapo mistari ya giza inatembea juu ya uso wa mchungaji ibada nzima. Ingia kwenye mipangilio, chagua fremu 25, au 50 kwa ngoma na michezo, na kama kamera inaruhusu weka shata kwenye 1/50. Mistari inaondoka. Marekebisho hayo hayana gharama, na kwa macho yangu yanaokoa video nyingi kuliko kupanda kutoka 1080 kwenda 4K.

Je, 4K naitumia lini? Naitumia ninapokuwa peke yangu na kamera moja mbele ya jambo lisilorudiwa. Viapo vya harusi, kwa mfano. Naweka kamera juu ya stendi yake, inakamata maharusi, wasimamizi na mchungaji wote. Kwa kuwa picha ina nukta mara nne, baadaye kwenye kompyuta naweza kukata robo ya picha, uso wa bibi harusi peke yake wakati anavishwa pete, na kipande hicho kikawa 1080 kamili. Kamera moja inakuwa kama mbili, na sijasukuma mtu madhabahuni ili nipate nafasi. Familia inapokea 1080. Ile 4K ni yangu ya kazi.

Gharama yake naibeba kwa kujua. Kwenye simu nzuri, dakika moja ya 1080 yenye fremu 30 inakula mega 60 kwa mtindo mpya wa kubana au 130 kwa mtindo wa zamani. Dakika ya 4K inakula 170 au 350. Ibada ya ndoa ya saa mbili ni giga 20 mpaka 42. Kadi ya giga 32 inaweza kujaa kabla ya baraka ya mwisho, na flashi iliyoumbizwa kwa FAT32 haipokei faili moja inayozidi giga 4. Betri nayo inakwisha mapema. Milima ya huku inachimbwa kobalti inayoingia kwenye betri za simu duniani kote, na sisi tunaoishi chini yake tunahesabu asilimia zilizobaki mpaka umeme urudi. Kwa hiyo 4K naiwasha kwa viapo, pete na kutia sahihi. Maandamano ya magari yanayopiga honi hayaihitaji.

Kama kitu hakisogei kabisa, sipigi video. Cheti cha ndoa, ukurasa wa Biblia ya familia wenye tarehe za kuzaliwa, jiwe la malakiti ambalo mteja wa mbali anataka kuona mistari yake ya kijani: hivyo vinataka picha ya kawaida. Kamera ya simu yenye megapikseli 12 inatoa nukta nyingi kuliko fremu ya 4K, kwa mega chache tu.

Mahali ambapo sikubali kupunguza chochote ni kwa wazee. Hapa tuko katika nchi ya Wasanga, na wapo wazee wenye habari walizopokea kwa babu zao za kuyeyusha shaba kwa mkaa na mivukuto, na za misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha. Mzee akieleza jambo kama hilo anatumia mikono. Vidole vinaonyesha unene wa kitu, kiganja kinaonyesha mteremko, macho yanageukia kilima anachokitaja. Hayo nayarekodi kwa 4K, kamera ikiwa karibu, yeye amekaa kivulini palipo na mwanga laini, maikrofoni ikiwa kifuani pake, na data kwa sekunde nikiwa nimeipandisha mpaka mwisho.

Sababu yangu ni kwamba nukta ambayo haikurekodiwa haipatikani tena. Familia nyingi za Likasi zina kanda za VHS za harusi za miaka ya 1980 na 1990. Kanda ile ilishika takriban mistari 240 ya upana wa picha, na televisheni kubwa ya leo inaonyesha ukungu wote uliokuwa umejificha kwenye seti ndogo. Watu wananiletea wakiomba nizinoe kwa programu za akili mnemba. Naweza kusafisha rangi na sauti. Lakini programu ikianza kuchora kope na mikunjo ambayo kanda haikuishika, inabuni kutokana na sura nyingine ilizojifunza, na bibi anayeonekana mwishoni si bibi yenu. Nakataa kazi hiyo, na ninamweleza mwenye kanda kwa nini.

Tazama kwa upande mwingine picha za zamani za migodi yetu. Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alitengeneza mwaka 2006 mfululizo wa picha uitwao Mémoire: aliwachukua watu wa picha za kale za enzi ya kampuni ya migodi ya Union Minière na kuwasimamisha mbele ya magofu ya viwanda vya leo. Kazi ya namna hiyo inawezekana kwa sababu filamu za zamani zilishika mengi. Ukiikuza sura ya mfanyakazi, sura bado ipo. Aliyebonyeza kamera ile hakujua nani angekuja kuihitaji. Mimi pia sijui nani atataka kuviona vidole vya mzee ninayemrekodi, na kwenye kioo cha ukubwa gani.

Faili za wazee nazihifadhi kama zilivyotoka kwenye kamera, bila kuzibana tena, kwenye diski mbili, moja Mulungwishi na nyingine Likasi, ili mwizi au mvua ya mahali pamoja isichukue zote. Saa moja ya 4K inafika giga 21, hivyo diski ya terabaiti 1 inabeba zaidi ya saa 45 za mazungumzo hayo. Kila mwaka nazifungua kuona kama bado zinasomeka. Wajukuu wakitaka kuzitazama, nawatengenezea nakala ya 720 palepale uani kwa mzee, kabla sijafunga mfuko wa kamera, ili nao waipate bila kununua mega.